Tulipompeleka kijana kupimwa kilti

Mwanangu alipotuambia anataka kushonewa kilti, baba yake aliliweka tonge la ugali sahanini na kuuliza, "Sketi?"

"Si sketi, Baba. Ni kilti."

"Ina marinda?"

"Ndiyo."

"Ina miguu miwili kama suruali?"

"Hapana."

"Basi ni sketi."

Mimi nilicheka. Kijana hakucheka.

Tunaishi Glasgow, Uskoti, na huu ni mwaka wetu wa 19. Kijana alizaliwa hapa. Ana miaka 17, na mwezi wa Juni alikuwa anamaliza shule. Wanafunzi wa huku wanapomaliza hufanyiwa sherehe ya kuagana, na wavulana wengi huja wamevaa kilti, lile vazi la wanaume wa Uskoti la marinda na mirabaraba. Wengi hukodi. Watakodi kwa sherehe ya shule, watakodi tena kwa harusi ya binamu, watakodi tena siku ya mahafali ya chuo. Wetu alitaka yake mwenyewe, iliyokatwa kwa vipimo vyake. Na hakuja mikono mitupu. Alikuwa amefanya kazi dukani kila Jumamosi kwa mwaka mzima, ameweka pauni 300. Alichoomba ni kuongezewa.

Mume wangu ni mtu wa Nyeri. Si mkali, lakini ana methali ya kila jambo. Usiku huo alichagua hii: "Mwacha mila ni mtumwa."

Kijana akamtazama. "Mila ipi, Baba? Hujawahi kunifunza hata moja."

Mama yeyote anajua tofauti kati ya mtoto anayejibu kwa utovu wa adabu na mtoto anayeuliza. Huyu alikuwa anauliza. Baba yake hakujibu. Alinawa mikono, akaenda kutazama habari.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Marehemu baba yangu alishinda na kikoi kiunoni, mchana akienda sokoni na jioni akikaa barazani. Usiku ule chumbani nilimkumbusha mume wangu: "Ulipokuja kwetu kuposa, baba alikupokea amevaa kikoi. Hukusema amevaa sketi." Akageukia ukutani. Mimi nikahesabu kwamba ameruhusu.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja, mama wa makamo anayeshona kilti kwa mkono. Aliniomba nimtumie vipimo vitatu ili anikadirie bei: kiuno, makalio na urefu. Nikajiona mjuzi. Mama yangu alikuwa na cherehani ukumbini, na utepe wa kupimia nimeuchezea tangu utotoni. Nikamwita kijana sebuleni, nikampima juu ya suruali yake ya jinzi, pale mkanda unapokaa. Kiuno nikaandika inchi 30, kwa sababu suruali yenyewe imeandikwa 30 na utepe haukubisha sana. Urefu nikaupima kuanzia mkanda hadi gotini, nikaandika 21.

Fundi alinipigia simu siku hiyohiyo. "Kijana wako ana kimo gani?"

"Futi 5 na inchi 11."

"Basi vipimo hivi si vyake. Ni vya suruali yake. Mlete."

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata, mimi na kijana. Baba yake alisema ana kazi.

Kama kuna mzazi anayesoma hapa na siku moja atalazimika kupima kilti, au hata nguo nyingine ya heshima, nampa bure somo ambalo lilikaribia kunigharimu pauni mia kadhaa. Kilti haikai pale suruali za vijana wa leo zinapokaa. Hukaa juu zaidi, usawa wa kitovu au karibu yake, mahali ambapo kiuno chenyewe kipo. Fundi alimvua kijana viatu, mkanda na jinzi, akambakisha na kaptura nyepesi ya mazoezi. Akamwambia asimame wima na kuutazama mlango. Asiangalie chini kuona utepe unasemaje, kwa sababu mtu akiinama hata kidogo, kiuno hujikunja na urefu hubadilika. Ndiyo maana pia mtu hawezi kujipima mwenyewe.

Kiuno kikasoma inchi 32 na nusu. Makalio, pale palipo panene kuliko pote, 38. Kisha akapima umbali kutoka kiunoni hadi hapo kwenye makalio, kwa sababu sehemu hiyo ya marinda ndiyo inayoshonwa ikashikana, na baada ya hapo marinda huachwa huru yacheze mtu anapotembea. Mwisho akapima urefu, kuanzia kiunoni hadi katikati ya goti: inchi 24.

"Ningeshona kwa zile 21 zako," fundi akaniambia, "angevaa kiunoni na pindo lingekuwa mapajani. Hapo mumewe mtu angekuwa na haki ya kusema ni sketi."

Kijana alikuwa amemsimulia. Nikaona haya kidogo.

Lakini jambo lililonikaa moyoni ni jingine. Nilipima suruali, sikupima mtoto. Nilikuwa na namba kichwani tangu nilipomnunulia suruali ile, na utepe uliponiambia vinginevyo nikaukaza kidogo ili ukubaliane nami. Wazazi tunafanya hivyo mara nyingi, si kwa nguo tu.

Fundi alitueleza kitu kimoja zaidi kuhusu vipimo. Kilti iliyoshonwa vizuri kwa mkono ina nafasi ndani yake. Nguo ya mtu mzima huchukua yadi 8 za kitambaa, yaani zaidi ya meta 7, na sehemu kubwa ya kitambaa hicho imejificha ndani ya marinda. Mvaaji akinenepa, fundi anaweza kufumua na kuyapanga upya, na bizimu za mikanda ya kiunoni zikasogezwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuvaa kilti moja miaka mingi, na nyingine hurithiwa. Upana unaongezeka, lakini urefu hauongezeki. Chini hakuna pindo lililokunjwa ndani. Ule ukingo ni ukingo wa kitambaa wenyewe kama ulivyotoka kwenye mtambo wa kufuma. "Kwa hiyo kijana anayekua," alisema, "sikati mpaka dakika ya mwisho."

Baada ya vipimo tukaenda kwenye vitambaa, na hapo ndipo safari yetu ilipochukua njia tusiyoitarajia.

Kitambaa cha kilti ni sufu, na mirabaraba yake huitwa tartani. Fundi alitoa vitabu vya sampuli, vinene kama Biblia za mimbarini. Kwanza alitaka tuchague uzito. Kipo chepesi cha aunsi 13 kwa yadi, na kipo kizito cha aunsi 16, ambacho ni karibu nusu kilo kwa kila yadi ya upana kamili. Kwa kuwa kitambaa hukatwa katikati kwa urefu na kuunganishwa, yadi 4 za upana kamili hutoa yadi 8 za kilti. Kwa hiyo nguo ya aunsi 16 ina sufu ya karibu kilo mbili. Kijana alishtuka. Fundi akampa kipande cha kila aina, akamwambia avitikise. Kile chepesi kilipepea kama leso. Kile kizito kilianguka kikatulia, mikunjo yake imenyooka. "Marinda hukaa vizuri kwenye kitambaa kizito," alisema. Tukakubaliana aunsi 16.

Kisha akatuonyesha namna mbili za kupanga marinda. Ya kwanza, fundi huyapanga ili mchoro wa nyuma uendelee sawasawa na ule wa mbele, kana kwamba kitambaa hakikukunjwa. Ya pili, kila rinda huonyesha mstari uleule mmoja, kwa hiyo nyuma hutofautiana na mbele, na mtu akitembea rangi zilizofichika huchungulia. Hii ya pili majeshi mengi ya Uskoti yaliipenda.

Halafu akauliza swali nililokuwa naliogopa. "Mna ukoo?"

Watu wengi hujua kwamba tartani huenda na koo: huyu wa ukoo fulani ana yake, yule ana yake. Kijana akasema, "Tunao, lakini si wa hapa." Fundi akacheka, akatutoa wasiwasi. Hakuna sheria inayomkataza mtu kuvaa tartani ya ukoo usio wake. Ni desturi na adabu tu, isipokuwa chache kama ile ya Balmoral ambayo ni ya familia ya kifalme. Tena, alisema, desturi yenyewe ya kila ukoo na tartani yake si ya kale kama wageni wanavyodhani. Nyingi zilipangwa na kupewa majina karne ya 19, hasa baada ya Mfalme George IV kuzuru Edinburgh mwaka 1822 na mabwana wa Uskoti wakatakiwa wampokee wamevaa mavazi ya asili. Leo kuna Daftari la Tartani la Uskoti, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na ndani yake kuna tartani za koo, za miji, za majeshi, za vyama, hata za makampuni.

Kwa asiye na ukoo, zipo ambazo kila mtu huvaa. Akatufungulia moja: kijani kilichokolea, buluu ya usiku na nyeusi. Haina mbwembwe, inakwenda na koti la rangi yoyote. "Hii ndiyo vijana wengi huchagua," alisema. "Inaitwa Black Watch."

Kijana aliipenda papo hapo, na mimi pia niliipenda. Fundi akatupa kipande tukamwonyeshe baba nyumbani.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu mimi. Kwetu Pwani mwanamke hanunui leso kabla ya kusoma jina lake. Unaweza kupenda rangi, ukapenda pindo, ukapenda mji, lakini utainyoosha uone maandishi yanasema nini, kwa sababu ukiivaa, wewe ndiye unayesema. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma vizuri. Na siku ile nilichukua kitambaa kwa sababu ya rangi, sikuuliza jina lake linasema nini.

Mume wangu alikipokea kile kipande, akakipapasa kama mtu anayejua sufu. Akasema ni kizuri. Kisha akauliza kinaitwaje. Kijana akamwambia.

Akakiweka mezani. "Hicho hapana," alisema. Hakupaza sauti. "Chagua chochote. Hicho hapana."

Kijana akafikiri ni yale ya sketi yamerudi, akasimama kutaka kuondoka. Baba yake akamwambia, "Kaa."

Black Watch ni jina la kikosi cha jeshi kabla ya kuwa jina la kitambaa. Batalioni yake ya kwanza ilitoka vitani Korea, ikapelekwa Kenya mwaka 1953, ikakaa hadi 1955, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipigana na Mau Mau. Mume wangu alilijua jina hilo tangu shuleni. Babu yake mzaa mama alikamatwa miaka hiyo akapelekwa kambi ya Manyani. Mama yake, ambaye watoto wangu wanamwita shosho, alikuwa na miaka kama 10 familia yao ilipohamishwa kwa nguvu kuingia katika kijiji chenye handaki na ua, na nyumba yao ikachomwa moto nyuma yao.

Nimeolewa na mtu huyu miaka 21. Nilijua kwamba kila tulipokuwa kwenye basi kwenda Mombasa, tukifika Manyani, yeye hunyamaza mpaka Voi. Sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni uchovu wa safari. Usiku ule nilisikia habari hizi kwa mara ya kwanza pamoja na mwanangu.

Kijana aliuliza maswali mengi, na ninamsifu, hakuuliza kwa haraka. Askari waliochoma nyumba walikuwa wa kikosi gani? Baba yake akasema hakuna aliyejua, vikosi vilikuwa vingi, na wengine walikuwa Waafrika. "Simlaumu aliyefuma kitambaa," alisema. "Lakini sitaki kukufungia kiunoni."

Siku chache baadaye kijana alirudi na alichosoma. Mtoto wa siku hizi ukimwambia jambo, atakwenda kulichimba. Akatuambia kwamba Waskoti wenyewe wa nyanda za juu waliwahi kunyang'anywa vazi hili. Baada ya uasi wao kushindwa huko Culloden mwaka 1746, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume kuvaa kilti na tartani, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka 1782. Aliyekamatwa alifungwa miezi sita, na akirudia alipelekwa ng'ambo miaka saba. Waliosamehewa ni askari waliolitumikia jeshi la mfalme. Na Black Watch kilianza vipi? Mwaka 1725 serikali iliandika makundi ya wenyeji kutoka koo zilizokuwa upande wake, wawalinde na kuwachunga majirani zao wenyewe. Mwaka 1739 makundi hayo yakawa kikosi kamili.

Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa. "Kumbe na wao walikuwa na homgadi wao."

Msomaji asiyejua, homgadi ni wale wenyeji wa Kenya ya kati waliowekwa na serikali kuwalinda, na kuwachunga, ndugu zao wakati wa Mau Mau. Katika vijiji vya Nyeri neno hilo bado huwafanya wazee watazamane. Lakini aliposema vile niliona kitu kimelegea usoni mwake. Mara ya kwanza tangu tuhamie hapa, alikuwa anawazungumza watu wa nchi hii kama watu waliowahi kupatwa na jambo.

Kijana akataka kumuuliza shosho mwenyewe. Tulimpigia Jumapili kwa video. Yeye huongea Kikuyu, mume wangu akatafsiri. Kijana akamshikia kile kipande cha kijani na buluu mbele ya kamera na kumuuliza kama askari wa wakati ule walivaa rangi hizi.

Shosho alikitazama muda mrefu. Akasema, "Sijui rangi za nguo zao. Nilikuwa mtoto. Nilikuwa naangalia buti."

Mume wangu alitafsiri hayo kwa shida. Kimya kikawa kirefu mpaka shosho akafikiri simu imekatika. Kijana ndiye aliyeokoa mazungumzo. Akamuuliza kabla ya kuhamishwa alikuwa anafanya kazi gani nyumbani. Uso wa shosho ukabadilika. Alikuwa anachunga kondoo za baba yake, akasema, nyeupe na nyeusi, na kulikuwa na mmoja mweusi aliyekuwa akimfuata kama mbwa. Akasimulia habari za kondoo huyo karibu nusu saa. Mume wangu naye alikuwa hajawahi kuzisikia.

Tuliporudi kwa fundi zilikuwa zimepita wiki tano, na safari hii baba mtu alikuja. Kijana akamweleza fundi kwa ufupi kwa nini hatutaki Black Watch. Nilikuwa na hofu angeona tunamtukana yeye na nchi yake. Alivua miwani, akasema ana ndugu waliotumikia vikosi vya Uskoti, na kwamba hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu anaweza kukitazama kitambaa kile akaona hayo. Akafunga kitabu. "Basi tutafute kingine."

Kijana alikuwa tayari ana jibu. Mara ya kwanza tulipokuja, alikuwa amepitia ukurasa ambao mimi niliupita bila kuutazama. Ni kitambaa cha mirabaraba midogo, nyeupe na nyeusi basi, ambacho wachungaji wa kusini mwa Uskoti na kaskazini mwa Uingereza walikuwa wakijifunika kondeni. Zamani hakikuhitaji hata kutiwa rangi: sufu ya kondoo mweupe na sufu ya kondoo mweusi. Hakina ukoo, hakina kikosi. Fundi akatuambia kwamba aina hii ya ufumaji ni ya kale sana. Katika Makumbusho ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh, kuna kipande cha karne ya 3, cha sufu ya rangi mbili, kilichopatikana Falkirk pamoja na chungu cha sarafu za Kirumi.

Mume wangu akakishika. Hakusema lolote kuhusu mila. Alisema, "Huyu mweusi ndiye aliyekuwa akimfuata mama."

Fundi hakuelewa, na hatukumfasiria. Bei ilikuwa pauni 620. Kijana akatoa 300 zake. Zilizobaki alilipa baba yake, mwanamume yuleyule wa sketi.

Kabla hatujaondoka fundi akampima tena, bila viatu, macho mlangoni. Kiuno kilikuwa vilevile. Urefu ulikuwa inchi 24 na nusu. Katika zile wiki tano za kuulizana maswali nyumbani, kijana alikuwa amerefuka. Tungeharakisha siku ile ya kwanza, kitambaa kingekatwa kifupi, na urefu, kama nilivyosema, hauongezwi.

Ilikuwa tayari wiki moja kabla ya sherehe. Kilti hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Kuna mkanda mmoja wa ngozi unaopita kwenye tundu na kufungwa nyonga ya kushoto, na miwili ya kulia. Mtu anaweza kujifungia, lakini mara ya kwanza vidole hugongana. Baba yake alipiga magoti zuliani akamfungia, bizimu moja baada ya nyingine, akarudi nyuma kuangalia kama ukingo uko katikati ya goti. Ulikuwa hapo hasa. Kisha akaniita nije nipige picha. Mimi nilikuwa tayari nimesimama mlangoni muda wote.

Wazazi wenzangu, hasa sisi tunaolea mbali na kwetu, nina machache tu ya kuwaambia. Mpime mtoto, usipime nguo yake ya mwaka jana. Ukiona umeshikilia namba ambayo utepe unaikataa, utepe ndio wenye haki. Na mtoto akikuuliza "mila ipi?", usikimbilie kwenye televisheni. Sisi tulidhani tunamkinga kijana na uchungu wa zamani. Tulimwacha aingie dukani peke yake kuchagua kitambaa ambacho sisi tulijua jina lake na yeye hajui. Angekivaa, baba yake angekasirika, na wala asingejua kosa lake ni nini. Hata leo sina hakika kwamba tumemwambia yote. Lakini sasa humpigia shosho mwenyewe, bila kusukumwa, na amejifunza Kikuyu cha kutosha kuuliza habari za kondoo.

Picha tulimtumia shosho jioni ileile. Alikaa kimya saa nzima mpaka tukaanza kuogopa. Kisha akapiga. Akasema kijana amependeza, anafanana na baba yake mzazi, yule wa Manyani. Halafu akauliza kama huko Uskoti kuna baridi.

Nikamwambia ipo, Mama.

"Basi mwambieni avae soksi."

Nikamwambia soksi zipo, tena ndefu, zinafika chini ya goti. Akaridhika.